Kumpenda na kumchagua: maswali ambayo wachumba wa Moshi huniuliza kila mara

Nafundisha wachumba. Jumamosi mchana, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa hapa Moshi mjini, nakaa na vijana wawili wawili ambao barua ya posa imeshapelekwa au iko njiani. Nilisomea saikolojia, na hadi leo nasoma kila utafiti ninaoupata kuhusu mapenzi na ndoa. Maswali haya yanarudi kila msimu, na nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo ninapowaona vijana wengi wakiumia.

Shikamoo mama. Kuna kaka ana duka jirani na ninapofanyia kazi. Mwaka mzima sikumwona chochote, leo asipokuja siku yangu inaharibika. Nimerogwa?

Marahaba mwanangu. Hujarogwa, umemzoea, na mazoea yana nguvu kuliko tunavyoyapa sifa.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tukikiona mara nyingi, bila hata kukitafakari, tunaanza kukipenda. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Moreland na Beach, waliwatuma wanawake wanne kuhudhuria somo moja la chuo. Mmoja hakuingia kabisa, wa pili aliingia mara 5, wa tatu mara 10, wa nne mara 15. Hawakuongea na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha zao, na aliyekuwa ameingia darasani mara nyingi zaidi ndiye aliyeonekana kuvutia zaidi. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1950, Festinger na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa nyumba za wanafunzi wenye familia huko Massachusetts. Asilimia 41 ya wanaokaa mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki wa karibu. Kwa wanaokaa ncha mbili za korido ileile, ilikuwa asilimia 10 tu. Zote hizo ni hatua chache za miguu.

Niliwahi kufundisha wachumba waliokutana hivyohivyo. Kijana anauza spea za pikipiki, binti ni wakala wa kutoa na kuweka pesa, vibanda vinatazamana. Kijana alinieleza kuwa kwa miezi mingi alikuwa anatoa elfu tano asubuhi, na jioni elfu tano nyingine, makato anakatwa mara mbili, ili tu asimame pale dirishani. Binti akadakia, "Mimi nilidhani hajui kupanga matumizi." Halafu kijana akaenda kufuata mzigo, hakuonekana siku tatu. Binti alijikuta kila akimaliza mteja anainua shingo kuchungulia ng'ambo ya barabara. Siku ya nne kijana alipotokea, akamwambia "ulikuwa wapi?" kwa sauti ya mke. Wote wawili wakanyamaza.

Ila ujue mambo mawili. Kama mwanzo mtu alikuudhi, kumwona kila siku kunaweza kuongeza chuki badala ya kuipunguza. Hata maadui zetu wengi ni majirani. Na pili, moyo wako utachagua kati ya watu unaowaona. Binti anayetoka kazini kwenda nyumbani, nyumbani kazini, akasema "wanaume wameisha," ukweli ni kwamba anawaona wanaume sita. Jiunge na kwaya, nenda vikoba, hudhuria harusi za wenzako hadi mwisho.

Mbona basi kijana tuliyelelewa naye nyumba moja tangu wadogo namwona kaka tu, na wazazi wanasema tungefaana?

Wazazi wanaona tabia yake, wewe mwili wako unakataa, na kukataa huko kuna sababu. Edvard Westermarck alieleza mwaka 1891 kwamba watoto wanaokua pamoja karibu sana katika miaka ya mwanzo hawatamaniani ukubwani. Ushahidi wa baadaye ulitoka Israeli, kwenye vijiji vya ujamaa ambako watoto walilelewa kwa makundi. Joseph Shepher alipitia ndoa 2,769 na hakukuta hata moja ya watu waliolelewa kundi moja mfululizo kwa miaka yao sita ya kwanza. Mazoea ya utotoni yanafunga mlango ambao mazoea ya ukubwani yanaufungua. Usijilazimishe.

Mimi ni mwongoza watalii. Nimempandisha Kilimanjaro mgeni dada wa kutoka Ulaya, tukishuka Marangu akaniambia amenipenda, na mimi nimezimika. Ni mapenzi au ni mlima?

Ni swali la Moshi kweli, na ninalijibu taratibu kwa sababu limebadilisha maisha ya wengi, wengine kwa heri na wengine kwa machozi.

Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walikwenda kwenye daraja la Capilano, karibu na Vancouver nchini Kanada. Ni daraja la kuning'inia, lina urefu wa mita 137 hivi na linapita mita 70 juu ya korongo, ukikanyaga linayumba. Dada mmoja aliwasimamisha wanaume waliokuwa wanavuka, akawauliza maswali machache, akawapa namba ya simu kama wangependa kujua zaidi kuhusu utafiti. Wanaume 18 walichukua namba pale, na 9 wakapiga. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, 16 walichukua namba na 2 tu ndio waliopiga. Dada alikuwa yuleyule. Kilichotofautiana ni mapigo ya moyo. Mwili ukitetemeka hauandiki sababu. Akili inatazama aliye mbele yake na kusema, kumbe ni huyu.

Sasa fikiria usiku wa kileleni. Mnatoka kambi ya Kibo usiku wa manane, hewa haba, kichwa kinagonga, kokoto zinarudisha mguu nyuma kila hatua. Wewe uko mbele yake unasema "pole pole", unamshikia chupa ya maji ambayo imeanza kuganda, unamfunga zipu ya koti kwa sababu vidole vyake havisikii. Jua linatoka. Mnafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, analia na kukukumbatia. Moyo gani usingedunda?

Na kuna la pili ambalo watu hawalitaji. Siku tano au sita mmetembea mkiongea, simu hazina mtandao, amekueleza kuhusu baba yake, wewe umemweleza shule uliyoachia njiani. Huyohuyo Aron, mwaka 1997, aliwaweka pamoja watu wasiofahamiana, akawapa maswali 36 yanayozidi kuingia ndani hatua kwa hatua. Baada ya dakika 45 walijisikia karibu kuliko wale waliopiga soga za kawaida. Ninyi mlikuwa na siku sita.

Kwa hiyo ukaribu huo ni wa kweli, hukudanganywa. Ila amekuona mahali ambapo wewe ndiye unayejua kila kitu, na wewe umemwona mahali ambapo hana kodi ya nyumba, hana bosi, hana foleni. Hakuna kati yenu aliyemwona mwenzake akiwa Jumanne ya kawaida. Ninachowaambia vijana wa mlimani ni hiki: mpe miezi, na katika miezi hiyo usimwonyeshe mlima. Mpigie ukiwa umechoka. Mwonyeshe chumba unachokaa, umtambulishe kwa mama yako kwa video huku mama anamenya ndizi. Msikilize anapoudhika na kazi yake. Na la pesa liongeeni mapema kwa kinywa kipana, maana pasipo usawa wa pesa, shukrani na mapenzi huvaa nguo moja na ni vigumu kuzitenganisha. Nawafahamu wawili waliofanya hivyo, wakafunga ndoa, leo wana watoto na wanaishi Rau. Nawafahamu pia waliokimbilia ubalozini kabla hawajagombana hata mara moja.

Ni kweli wanaume wanaangalia sura na wanawake wanaangalia pesa?

Nusu. Mwaka 1989 David Buss alichapisha majibu ya watu 10,047 kutoka nchi 33, Zambia na Nigeria zikiwemo. Karibu kila mahali wanaume walitaja sura na ujana zaidi kuliko wanawake, na wanawake walitaja uwezo wa kipato zaidi kuliko wanaume. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudiwa katika nchi 45 na tofauti zikaonekana tena. Lakini wanaoinukuu habari hii kwenye vijiwe huishia hapo. Katika majibu yaleyale ya Buss, wanaume kwa wanawake waliweka upole na akili juu ya sura, na juu ya pesa pia.

Sura ina nguvu sana mwanzoni, siwezi kukuficha. Mwaka 1966 Elaine Walster na wenzake waliandaa dansi kwa wanafunzi 752 wa mwaka wa kwanza huko Minnesota, wakawagawa wawili wawili kwa bahati nasibu huku wanafunzi wakiamini kompyuta ndiyo iliyowachagulia anayewafaa. Walitegemea akili na tabia vingeamua nani amtake nani. Kilichoamua ni sura. Lakini ile ilikuwa jioni moja. Mwaka 2015 Lucy Hunt, Paul Eastwick na Eli Finkel walizichunguza jozi 167 za wapenzi, wakaona kwamba waliofahamiana muda mrefu kabla ya kuwa wapenzi hawakulingana sana kwa uzuri. Yaani mtu wa kawaida kwa sura alikuwa na mtu mzuri sana, na wameridhika. Muda ulikuwa umewaonyesha kitu ambacho macho ya siku ya kwanza hayakukiona. Ndiyo maana nawasihi wale wanaojiona hawana sura: msishindane kwenye jioni moja, jitokezeni mahali ambapo watu hukutana wiki hadi wiki.

Mama, vigezo vyangu ni hivi: mrefu, mcha Mungu, ana kazi ya kuajiriwa, hanywi, hajawahi kuzaa. Wenzangu wanasema nitazeeka. Nipunguze?

Mimi nilikuwa na orodha ndefu kuliko yako. Cha kwanza, awe mrefu kuliko mimi. Cha pili, asitoke Rombo, kwa sababu nyumbani kwetu Machame tulikua tukisikia maneno kuhusu watu wa Rombo kama wao wanavyokua wakisikia maneno kuhusu sisi. Na kwa kuwa nimeyagusa: ule usemi kwamba mwanamke wa Machame huua mume ili arithi ni uonevu. Nimeona mabinti wawili wakikataliwa na wakwe kwa ajili yake, na mmoja alilia mbele yangu hadi kitambaa kikalowa. Anayeurudia kama mzaha hajui unapofika. Nimeolewa Rombo, na mume wangu ni mfupi kwangu kwa vidole vinne.

Tuje kwenye orodha. Mwaka 2008 Eastwick na Finkel waliwauliza vijana wa chuo wanataka mwenzi wa namna gani, kisha wakawakutanisha kwa mazungumzo ya dakika 4, mmoja baada ya mwingine. Walichosema wanakitaka hakikutabiri waliyemtaka. Binti aliyesema kipato ni cha kwanza hakuvutwa na wenye kipato kuliko mwenzake ambaye hakukitaja. Yaani orodha tunaiandika tukiwa peke yetu, na mtu tunakutana naye akiwa mzima: sauti yake, anavyocheka, anavyokujibu.

Kubwa zaidi ni hili. Mwaka 2020 Samantha Joel na wenzake walikusanya takwimu za jozi 11,196 za wapenzi kutoka tafiti 43, wakaiachia kompyuta itafute kinachotabiri uhusiano mzuri. Sifa za mtu mwenyewe, kama umri, kipato na tabia alizozaliwa nazo, zilisaidia kidogo. Zilizosaidia sana ni zile za uhusiano wenyewe: unaamini mwenzako amejitoa kwako? Unajisikia kuthaminiwa? Mnaridhishana? Mnagombana namna gani? Hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuiona kwenye wasifu wa mtu au kwenye picha yake amesimama kando ya gari. Zinaonekana mkiwa pamoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba orodha yako ina vitu vya aina mbili na umevichanganya. Kutokunywa, kama umelelewa na baba mlevi, si kigezo cha anasa, kiache palepale. Kumcha Mungu pia, kama imani ndiyo nyumba yako. Ongeza: hapigi, hadanganyi, hana mke mwingine aliyefichwa. Hivyo ni vya kukataa, wala usivipunguze hata ukifika miaka 40. Urefu, kuajiriwa, kabila, hivyo ni vya kupenda tu. Mwache mtu akae mbele yako mara tano kabla hujamkata kwa hivyo.

Nimwangalie nini basi, kama si vigezo?

Mwangalie jambo likiharibika.

Siku moja binti alimwaga chai juu ya fomu ya tangazo la ndoa, hapa mezani kwangu. Kikombe kilijaa, kiwiko kikagusa, chai ya maziwa ikatambaa hadi kwenye picha zao mbili ndogo. Mchumba wake hakusema neno. Alitoa leso, akakausha kwanza mkono wa binti, kisha picha, mwisho ndiyo fomu. Halafu akaniuliza kama nina fomu nyingine. Nimewahi kuona pia kijana mwingine, kwa kosa dogo kuliko hilo, akageuza macho juu na kuniambia mimi, "Unaona mama, ndivyo alivyo." Maneno machache tu, na binti alijikunyata kwenye kiti.

Yule wa pili alionyesha dharau. John Gottman na Robert Levenson, waliorekodi wanandoa wakigombana na kuwafuatilia kwa miaka, walitaja mambo manne yanayobomoa: kumshutumu mtu badala ya kosa, kujitetea kila mara, kununa na kufunga mlango wa mazungumzo, na dharau. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Waliona pia kwamba wanandoa wanaodumu, hata katikati ya ugomvi, wana mema kama matano kwa kila baya moja: neno laini, mguso, kucheka kidogo, "nimekuelewa".

Mwangalie pia anavyoongea na wasioweza kumfanya lolote: kondakta wa daladala, mama anayeuza ndizi Mbuyuni, mdogo wako. Adabu anayokupa wewe leo ina sababu, anakutafuta. Adabu anayowapa wao haina sababu isipokuwa ndivyo alivyo.

Wanasema tofauti huvutana. Mimi mpole, yeye mkali. Tutakamilishana?

Sumaku ndizo zinazovutana kwa tofauti. Kwa watu, tangu Donn Byrne alipoanza kulipima jambo hili miaka ya 1960, ushahidi umeelekea upande mmoja: tunavutwa na wanaofanana na sisi, hasa kwa imani, elimu na mtazamo wa maisha. Katika upole na ukali wanandoa hawafanani sana, na si tatizo lenyewe. Kwa hiyo usihofie tofauti ya hulka, hofia tofauti ya mnakokwenda. Mmoja anataka kujenga kihambani, kwenye shamba la ukoo, mwingine hataki kusikia habari za kijijini. Hilo halikamilishani, linavutana kamba.

Kuhusu kabila, kwa kuwa swali hili huja na hilo ndani yake: Mchaga na Mpare, Mchaga na Mmeru, Mmaasai na Mchaga, nimewafundisha wote. Kabila lenyewe halijawahi kuvunja. Nimeona kikivunja kitu ambacho hakikuongelewa: nani analipa ada ya wadogo, Krismasi tunakwenda kwa nani, mtoto atabatizwa wapi.

Kwa nini kila mara nampenda asiyenitaka, na anayenipenda namwona mshamba?

Mwanamama mmoja, Mary Ainsworth, alikaa Uganda miaka ya 1950, vijijini karibu na Kampala, akawatembelea mama na watoto wachanga wa familia 26. Aliona watoto wengine, mama akiondoka na kurudi, wanatulia na kuendelea kucheza. Wengine wanalia hata mama akiwabeba. Kutoka Uganda na baadaye Marekani, ikajengeka fikra kwamba mtoto hujifunza mapema kama mtu wa karibu anategemeka au la. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha maswali gazetini kuuliza watu wazima kuhusu mapenzi yao, na makundi yaleyale yakajitokeza. Zaidi ya nusu walikuwa watulivu: wanakaribia mtu bila woga. Wengine huogopa kuachwa, hudai uthibitisho kila saa. Wengine ukaribu unawabana, ukiwasogelea wanarudi nyuma.

Sasa, mwenye woga wa kuachwa akikutana na anayerudi nyuma, moyo unawaka moto kweli. Kusubiri meseji, kuhesabu alama mbili za buluu, kupona anapojibu. Ule msukosuko anauita mapenzi, na kijana anayejibu simu kila siku anamwona hana ladha. Mwanangu, huyo "mshamba" huenda ndiye mtulivu. Sisemi umpende kwa nguvu. Nasema umpe muda ambao humnyimi yule anayekutesa. Na habari njema ni kwamba hali hii si kovu la kudumu. Watu hubadilika, mara nyingi kwa kuishi miaka na mtu anayetegemeka.

Ule moto wa mwanzo unakaa muda gani?

Dorothy Tennov, aliyewahoji watu wengi mwishoni mwa miaka ya 1970, aliona kwa kawaida ni kati ya miezi 18 na miaka 3. Mwaka 2005 Helen Fisher na wenzake waliwaingiza watu 17 waliokuwa wamependa karibuni kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha za wapenzi wao. Zikawaka sehemu za ndani kabisa zinazotumia kemikali iitwayo dopamini, zilezile za hamu na zawadi. Ndiyo maana aliyependa hali, halali, hasikii ushauri wa shangazi. Lakini hao hao walipowapima watu waliokaa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na ambao walisema bado wanapendana sana, sehemu hizo ziliwaka tena. Kwa hiyo si lazima uzime. Ila usisaini jambo la maisha mwezi wa tatu.

Limbwata linafanya kazi?

Hapana. Hakuna mzizi wala unga unaomfanya mtu akupende, na vingine vinavyochanganywa kwenye chakula ni sumu. Kama mume amepoa, ongea naye. Kama amekuzoea vibaya, tafuta mtu wa tatu mnayemheshimu. Wanaouza dawa hizo wanakula pesa ya watu wenye uchungu, nami inaniumiza sana.

Tumekutana mtandaoni, yeye yuko Mwanza. Naona tunaelewana kuliko mtu yeyote.

Inawezekana. Ila maandishi yana tabia moja: mtu anachagua la kuonyesha, na wewe unajaza mapengo kwa matumaini yako. Joseph Walther aliliandika hilo mwaka 1996, kabla ya simu janja: watu wanaoandikiana tu wanaweza kujisikia karibu kupita wanaoonana. Onaneni mapema, mahali penye watu, ndugu yako akijua. Akiomba pesa kabla hujamwona uso kwa uso, acha.

Wazazi wamemkataa. Wanavyozidi kukataa ndivyo tunavyozidi kupendana. Si dalili kwamba ni mapenzi ya kweli?

Utafiti mmoja wa Colorado wa mwaka 1972 ulisema hivyo, kwamba pingamizi la wazazi huchochea mapenzi, na watu wakaushika sana. Uliporudiwa mwaka 2014 haukuthibitika. Kilichoonekana ni kinyume: ndugu na marafiki wakiwaunga mkono, mapenzi huimarika, wakipinga, hudhoofika.

Kwa hiyo usiwapuuze, waulize. Kaa na baba jioni, mwambie, "Baba, nieleze ulichokiona, sitakukatiza." Akijibu "ni wa kabila fulani" au "kwao hawana kitu," hilo ni lake na mnaweza kulishughulikia polepole kupitia mjomba au shangazi anayesikilizwa. Akijibu "nilimwona anavyomjibu mama yake," hapo usingizi ukupotee kidogo. Mzazi anaweza kukosea kuhusu ukoo. Kuhusu adabu hakosei mara nyingi, maana amefanya kazi ya kuifundisha miaka ishirini.

Nina miaka 33. Ndugu wote wanakuja Desemba na wanataka nitangaze. Aliyepo si mbaya. Nikubali?

Najua Desemba yetu. Magari yamepanda mlimani, mbege imekorogwa, na kila shangazi ana swali lilelile. Mwaka 2013 Stephanie Spielmann na wenzake walionyesha kwamba watu wanaoogopa sana kubaki peke yao huridhia wenzi wasiowajali, na hung'ang'ania uhusiano hata usiowaridhisha. Jiulize tu: kama ungekuwa na miaka 25 na hakuna anayekuja Desemba, ungemkubali? Kama jibu ni ndiyo, umri wako hauna neno. Kama unasitasita, mwambie shangazi "bado" na umpokee chakula.

Tupime afya kabla?

Ndiyo, wote wawili, mapema, kabla ya vikao vya harusi. VVU na selimundu hasa. Wote wawili mkiwa mmebeba chembe ya selimundu bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa. Kujua si kuachana. Ni kuamua macho yakiwa wazi.

Barua imepokelewa, mahari imeanza kulipwa, kamati imeundwa. Nimegundua si yeye. Nifanyeje?

Umeniuliza kwa sauti ya chini, na wanaoniuliza hivi wote hushusha sauti.

Kwanza tofautisha woga na ujuzi. Woga ni wa jumla: "Ndoa ni kubwa, nitaweza?" Huo hupita. Ujuzi una tarehe na jambo: alinisukuma, alinidanganya kuhusu mtoto, namwonea haya mbele za watu, nikisikia pikipiki yake tumbo linakaza. Ukiwa na jambo la namna hiyo, usilifunike kwa maturubai ya harusi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja, na hakuna mahari, kamati wala kadi zilizochapishwa zinazochukua nafasi yake. Sheria hiyohiyo inamruhusu aliyeachwa kudai gharama alizoingia kwa kuamini ahadi, na kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa. Kwa hiyo andikeni kilichopokelewa, kirudishwe bila ubishi. Pesa ya kamati irudi kwa wachangiaji wakiitaka.

Mwambie yeye kwanza, ana kwa ana, ukiwa na mtu wa karibu nje ya mlango. Isipokuwa kama unamwogopa. Hapo usiende kabisa, mtume mtu. Kisha waambie wazazi wako, na wao wamwite mshenga. Usimtume mdogo wako, wala usiandike kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Wazee wa pande zote mbili watakwenda na isale, jani la Wachaga la kuombea msamaha, kuomba radhi kwa kadiri ya desturi ya kwenu, na nimewaona wakwe waliokasirika kweli wakilipokea jani lile, wakakaa kimya kidogo, wakauliza kama wageni wamekula.

Kama huna wa kwenda naye, njoo Jumamosi. Tutakwenda wawili.